Tupeane uzoefu: Drive-In ya Msasani, Belle Vue na Fox zilifanyaje kazi?

Mzee wa Namanga
Wakuu, heshima zenu. Pale Msasani ulipo Ubalozi wa Marekani leo palikuwa na uwanja wa sinema ya magari uliofunguliwa 1966. Nairobi kulikuwa na Belle Vue barabara ya Mombasa na Fox barabara ya Thika. Vijana wakisikia wanadhani lilikuwa shuka jeupe limetundikwa ukutani, magari yakajipanga tu mbele yake. Wanaoijua kazi ile watuwekee mambo yenyewe: matuta, spika, mashine, na kilichokuwa kikiharibika. Zile za "nilimpeleka shemeji yenu" zitafutiwe uzi wake.

Fundi Spika
Spika ndiyo iliyokuwa na kesi nyingi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukifunga spika kubwa chini ya skrini, gari lililo mita 100 nyuma linapata neno karibu theluthi ya sekunde baada ya mdomo kufunguka. Filamu inakwenda picha 24 kwa sekunde, maana yake sauti imechelewa picha saba. Richard Hollingshead alipofungua uwanja wa kwanza wa aina hii New Jersey, Marekani, Juni 1933, spika zilikaa mbele, na hilo likawa tatizo: safu za nyuma zinasikia kwa kuchelewa na majirani hawalali.

Ndiyo maana baadaye ikawekwa nguzo fupi kati ya kila magari mawili. Juu yake kuna kisanduku chenye transfoma ndogo, na spika mbili zimening'inia, moja kwa kila gari. Spika yenyewe ina ganda la chuma, karatasi ya kutetemesha sauti yenye upana wa sentimita 10 hivi, kitufe cha sauti na ndoano. Unashusha kioo kidogo, unaitundika kwa ndani, unapandisha kioo mpaka kibane.

Kwa pwani adui ni chumvi na unyevu. Karatasi inalegea, koili (waya uliozungushwa nyuma yake) inaanza kusugua sumaku, sauti inakwaruza hata ukipunguza. Kuipima hakuhitaji mita: gusisha betri ya volti 1.5 kwenye nyaya zake mbili. Ikilia "tk", koili ni nzima, tafuta kosa kwenye waya au kitufe. Ikinyamaza, badilisha. Halafu wapo walioondoka na spika ikiwa bado dirishani. Waya ukiwa dhaifu unakatika. Ukiwa imara, kioo cha mteja ndicho kinachovunjika. Bora ukatike waya.

Mkaaji wa South C
Niongeze matuta. Ardhi haikuwa tambarare. Kila safu ilikuwa na tuta, unapandisha magurudumu ya mbele ili gari liinue pua na kioo cha mbele kielekee skrini juu ya paa la aliye mbele. Toka safu hadi safu huacha kama mita 12, la sivyo hakuna nafasi ya kupita. Ukipanda tuta mno unaona mawingu, ukibaki chini unaona buti la jirani. Hendibreki lazima, maana anayekanyaga breki saa mbili nzima anawamulika wa nyuma kwa taa nyekundu. Kuingia na kutoka ni kwa taa ndogo tu.

Nairobi mwezi wa Julai tatizo ni mvuke ndani ya gari. Watu wanne wakifunga vioo, dakika chache huoni kitu. Acha upenyo pande zote mbili, na futa kioo kwa ndani kabla giza halijaingia. Wengi walifuta nje peke yake.

Kibanda cha Mashine
Kazi ilikuwa humu, wakuu. Skrini ya upana wa mita 30 ina eneo mara tisa ya skrini ya mita 10 ya ukumbini, ikiwa umbo ni lile lile. Mwanga wa kuijaza ulitoka kwenye kaboni: vijiti viwili, chanya na hasi, vinagusishwa kisha vinaachanishwa kidogo, na umeme unaruka katikati kama wa mtu anayechomelea. Umeme huo ni wa DC, yaani wa mkondo mmoja kama wa betri, kutoka kwenye rektifaya inayougeuza umeme wa kawaida, ampea nyingi, kwa hiyo bomba la kutolea moshi ni lazima na huangalii moto ule ila kupitia kioo cheusi.

Kaboni inaliwa. Mota inaisogeza polepole, lakini opereta hasinzii: nafasi ikipanuka, picha inabadilika rangi na kufifia, mwisho moto unazimika. Hapo uwanja mzima unapiga honi, na wengine wanawasha taa kubwa kuelekea skrini, kana kwamba hilo litasaidia.

Gurudumu la futi 2,000 linaisha kwa dakika 22 hivi, kwa sababu mkanda unakwenda futi 90 kwa dakika. Filamu ya Kihindi ya saa tatu ni magurudumu tisa. Ndiyo maana mashine ni mbili. Angalia pembe ya juu kulia ya picha: kinatokea kidoa cha duara, unawasha mota ya mashine ya pili. Sekunde saba baadaye kidoa kingine, unahamisha picha na sauti kwa pamoja. Ukichelewa, skrini inabaki nyeupe tupu.

Mashine ikisimama ghafla mbele ya kaboni iwakayo, picha inaungua pale pale. Kuna kilango kinachojifunga kuzuia mwanga, kikikwama umekwisha. Kata sehemu iliyoungua, kwangua, gundisha.

Mzee wa Namanga
Ahsante mkuu. Na skrini ilielekezwa wapi?

Kibanda cha Mashine
Ukiweza, usiipe uso magharibi, mwanga wa machweo utailamba. Sisi tulibahatika: karibu na ikweta giza linaingia haraka mwaka mzima, saa moja na robo usiku unaanza. Marekani kaskazini wakati wa kiangazi wanasubiri mpaka saa tatu na zaidi. Sheria ya kusogeza saa mbele kila kiangazi iliwaumiza sana wenye viwanja.

Tiketi Mkononi
Palipotozwa kwa kichwa, watu walijificha kwenye buti. Mkaguzi hakuhitaji kufungua, alitazama springi za nyuma. Dereva peke yake na gari limekaa kama limebeba saruji?

Fundi Spika
Kufungwa, wengi wanailaumu video. Ni kweli kaseti zilichukua watazamaji, lakini Dar uhaba wa petroli ulitangulia. Ilipopigwa marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, biashara inayotegemea gari ilikosa jioni ya wikendi. Juu ya hapo, uwanja mkubwa unaotumika usiku tu, kwenye ardhi ya Msasani, hauwezi kushindana na mjenzi.

Kijana wa Mbezi
Shikamooni wazee. Nikitaka kufanya onyesho moja, nguzo za spika bado zinahitajika?

Fundi Spika
Marahaba. Hapana, siku hizi sauti hurushwa kwa FM na kila gari linasikiliza redio yake. Kwanza uliza kibali TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, masafa si ya kujichukulia. Pili ni betri. Redio ya kawaida inakula ampea chache tu, lakini taa kubwa mbili za wati 55 zinakula kama tisa, na betri ya 45Ah iliyochoka haifiki mwisho wa filamu. Ufunguo ubaki kwenye hatua ya redio, taa zinazojiwasha zenyewe zizimwe, na wewe uwe na nyaya za kuazimana chaji pale getini, seti mbili au tatu.