Modeli ya meli ya kutengenezwa kwa mkono, thamani yake inajulikanaje?

mlingoti: Wadau nimeachiwa modeli ya meli ya matanga, mbao tupu, kazi ya mkono, kamba zingine zimekatika na jina la fundi sioni. Nitajuaje bei yake kabla sijauza?

randa_na_patasi: Angalia kwanza mwili wake mkuu, kama ni vibao vyembamba vimepangwa juu ya mataruma (mbavu za meli) hiyo kazi ni kubwa sana kuliko gogo lililochongwa, alafu jua kama ilitoka kwenye seti ya dukani yenye vipande tayari vya kuunganisha au fundi kaanza na ramani tu mpaka mwisho, hizo za kuanzia ramani ndo wakusanyaji wanazitafuta. Chungulia chini ya stendi, sahihi ya fundi mara nyingine hukaa huko.

mlingoti: Nikipiga hesabu ya masaa je? Lazima ilichukua muda mrefu sana.

tanga_jeupe: Hapana mkuu, inauma ila soko halilipi masaa. Tafuta modeli kama hiyo ziliuzwa bei gani kweli kwenye minada, sio bei wauzaji wanazoomba. Na tafadhali usipake vanishi mpya wala kubadilisha kamba, piga picha kwanza umuonyeshe mthamini!