Wikiendi ya kundi Mji Kasoro Bahari (Morogoro): kupanda Uluguru Jumamosi, Dar Jumapili. Tupeane uzoefu

Mguu Njia

Wadau, uzi huu ni wa wanaopanga kundi la marafiki sita hadi kumi kutoka Dar kwenda Morogoro, waondoke Ijumaa jioni, wapande mlima Jumamosi, warudi Jumapili. Tangu treni ya reli ya kisasa (SGR) ianze kubeba abiria Juni 2024, Moro imekuwa mji wa kwenda kutembea kwa miguu bila kuomba likizo. Naomba tuandike vitu vinavyopimika: saa, lita, shilingi, mita. Nani alichekesha njiani tukiache kwa leo.

Naanza na kuchagua njia, maana hapo ndipo makundi mengi yanaposambaratika. Mji uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Morningside, kwenye ile nyumba ya enzi za Wajerumani, ni kama mita 1,300. Kilele cha Bondwa chenye minara ya mawasiliano ni kama 2,150, na Lupanga ni 2,138. Kwa hiyo Morningside ni kupanda mita 800, saa mbili hadi tatu kwa mwendo wa kundi. Lupanga ni mita 1,600, yaani maradufu: saa tano kwenda juu, tatu au nne kushuka, na sehemu ya juu ni mizizi na udongo unaoteleza.

Ukiwa mjini, Lupanga unauona kama uko nyuma ya nyumba. Ndiyo maana mtu anaamka saa tatu asubuhi, anakunywa chai taratibu, halafu anadai atakuwa kileleni kabla ya chakula cha mchana.

Kipimo cha kutumia wiki mbili kabla: kila mtu atafute jengo lenye ngazi, abebe begi la kilo tano, apande ghorofa kumi mara kumi. Hizo ni kama mita 300. Akimaliza ndani ya saa moja, kushuka kukiwemo, akabaki anaweza kuongea bila kuhema, Lupanga inamfaa. Akishindwa hata mtu mmoja, kundi zima liende Morningside na maporomoko ya Choma. Njia ipimwe kwa miguu ya aliye dhaifu kuliko wote, la sivyo mtagawanyika mlimani, na kundi lililogawanyika ndilo linalopotea.

Abiria wa Reli

Nachangia upande wa treni.

Tiketi inakatwa kwa jina na namba ya kitambulisho. Anayekata kwa niaba ya kundi akusanye picha za vitambulisho vyenyewe, si majina ya WhatsApp. "Mama Junior" hayumo kwenye kitambulisho chochote. Jina likikosewa, tatizo linajitokeza mlangoni pale stesheni, dakika zikiwa zimebaki chache.

La pili ni saa. Tiketi imeandikwa kwa mtindo wa saa 24. 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi, 18:00 ni saa kumi na mbili jioni. Kwenye kundi andikeni zote mbili: "Treni 18:00, saa kumi na mbili JIONI, tukutane getini saa kumi na nusu." Hiyo saa moja na nusu si ya mapambo. Kuna foleni ya ukaguzi wa tiketi, kuna mashine ya mizigo, na treni haimsubiri aliyekwama foleni ya magari Kariakoo.

Visu vya kukatia matunda visikae kwenye begi. Nunueni matunda yanayomenywa kwa mkono.

Nauli iliyotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, 2024 kwa daraja la kawaida Dar hadi Moro ilikuwa 13,000. Watu wanane kwenda na kurudi ni 208,000. Angalieni bei ya siku mnayokata, na Ijumaa jioni na Jumapili jioni kateni mapema kwa sababu ndizo zinazojaa. Kateni ya kurudi siku hiyo hiyo mnayokata ya kwenda.

Stesheni ya SGR Moro iko Kihonda, haiko katikati ya mji. Ukishuka usiku na watu wanane, bajaji tatu zinatosha mkiwa na mabegi madogo. Patana bei kabla ya kupakia.

Mtunza Kibubu

Fedha ndiyo inayovunja urafiki, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Gawa gharama mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la kila kichwa: treni, kitanda, kibali cha hifadhi, chakula. Mtu akijitoa, gharama yake inaondoka naye. Fungu la pili ni la pamoja: waongozaji, usafiri wa kukodi, mpishi, sanduku la dawa. Hili halipungui mtu akijitoa. Tuseme fungu la pamoja ni 240,000. Mkiwa wanane, kila mmoja 30,000. Wawili wakijitoa Alhamisi, waliobaki sita wanalipa 40,000 kila mmoja, na manung'uniko yanaanza kabla treni haijaondoka.

Dawa yake: fungu la pamoja likusanywe kwanza, siku kumi kabla, na wote wakubaliane kwa maandishi kwamba halirudishwi. Fungu la kila kichwa lifuate siku tano kabla. Na anayejitoa asiseme "nitamtuma binamu yangu" akidhani imeisha, kwa sababu tiketi ina jina lake na namba yake. Binamu anahitaji tiketi mpya.

Ongeza asilimia 10 ya akiba juu ya jumla. Makato ya kutuma na kutoa fedha kwenye simu yaandikwe kama gharama, maana miamala kumi na sita midogo inakula fedha inayoonekana. Mweka hazina awe mtu mmoja, na kila jioni apige picha ukurasa wa daftari auweke kwenye kundi. Ukurasa una safu nne tu: tarehe, nini, kiasi, kimebaki. Mkifanya hesabu Jumapili kwenye treni kwa kukumbukakumbuka, haitafungana.

Mluguru wa Kilakala

Karibuni nyumbani. Naongezea yale ambayo wageni wanayakosea.

Juu ya Morningside mnaingia msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyo chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu. Kibali kinatakiwa, na malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, si fedha mkononi. Mkifika Ijumaa usiku mkitegemea kulipa Jumamosi alfajiri mtakwama. Pigeni simu ofisini katikati ya wiki, tumeni orodha ya majina, lipeni kabla. Mkiwa na rafiki asiye raia wa Afrika Mashariki mtajeni mapema, viwango vyake ni tofauti.

Mwongozaji mmoja kwa watu watano au sita. Mkiwa wanane chukueni wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Chini ya msitu kuna mashamba ya migomba, mahindi na mboga, na vijia ni vingi kama mishipa ya mkono, kila kimoja kinaingia kwa nyumba ya mtu. Hapo ndipo wenye mbio wanapopotea, si msituni. Sheria iwe moja: kwenye kila njia panda wa mbele wanasimama hadi wa mwisho aonekane. Huyo wa mwisho mvalisheni fulana ya njano au ya machungwa, ili kumtafuta kusiwe kazi.

Malipo ya mwongozaji mpatane kwa siku nzima, pamoja na kama anakula chakula chenu. Anakula, tafadhali. Mwekeeni fungu lake tangu mnaponunua.

Mkikutana na wazee wanateremsha mizigo ya ndizi, wapisheni upande wa ndani wa njia, ninyi simameni palipo imara, na shikamoo itangulie. Picha ni baada ya kuomba. Mashamba si njia ya mkato: tuta mnalolikanyaga mtu amelipandisha kwa jembe kwenye mteremko mkali, na mvua ikija udongo wake unaondoka. Maji ya milima hii yanaingia Mto Ruvu, ndiyo yanayofika mabombani kwenu Dar. Chupa mlizopanda nazo zishuke nazo.

Mgeni Hapa

Asanteni wakuu. Miezi gani inafaa? Na je, tukianza saa tatu asubuhi kuna ubaya?

Mluguru wa Kilakala

Juni hadi Septemba ndiyo nzuri. Machi hadi Mei ni masika, njia inakuwa kama sabuni. Vuli za Oktoba hadi Desemba zinapitika kwa Morningside, Lupanga hapana.

Kuhusu saa tatu: ubaya upo. Hewa yenye unyevu kutoka baharini inagonga mlima na kupanda, inapoa, inageuka wingu. Asubuhi kilele kiko wazi, mchana kimefunikwa. Anayefika juu saa nane anaona weupe mtupu, na anashuka kwenye mizizi iliyolowa. Anzeni saa kumi na mbili asubuhi kwa Lupanga, saa moja kwa Morningside. Saa ya kugeuka ni saa saba mchana, popote mlipo, hata kama kilele kimebaki dakika ishirini. Jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu, lakini chini ya miti giza linatangulia. Kila mtu awe na tochi yake ya kichwani. Ya simu inamaliza chaji na inakunyima mkono wa kushikia mti.

Halafu baridi. Joto hupungua kama nyuzi 0.6 kwa kila mita 100, kwa hiyo mita 1,600 ni karibu nyuzi kumi chini ya mlikotoka. Ukiwa umelowa jasho unatetemeka. Fulana kavu moja ndani ya mfuko wa nailoni ni lazima.

Sufuria Kubwa

Maji: lita 3 kila mtu kwa Lupanga, lita 2 kwa Morningside. Watu wanane na waongozaji wawili ni lita 30, yaani chupa 20 za lita moja na nusu. Kila mtu abebe zake tangu mwanzo. Maji ya kijito yanavutia kwa ubaridi, ila juu yake kuna nyumba na mifugo. Tumieni vidonge vya kutibu maji na msubiri dakika 30, au msiyanywe.

Chakula cha mchana kila mtu: chapati 2, mayai 2 ya kuchemsha, ndizi 2, karanga kama gramu 100, na chumvi kidogo kwenye kipande cha karatasi. Chapati zikandwe na kupikwa Ijumaa, ziachwe zipoe kabisa kabla ya kufungwa. Zikifungwa za moto zinatoa mvuke, zinalowa, na saa sita mchana zinanuka. Wali wa nazi usipande mlima: tui linachacha haraka kwenye begi lililopigwa na jua, na tumbo likiharibika huko juu hakuna choo wala gari.

Chakula cha jioni kiagizwe asubuhi kabla ya kutoka. Mkishuka saa kumi na moja na njaa, kusubiri kuku achinjwe na kupikwa kunachukua muda wa saa mbili.

Nesi wa Safari

Kinachowaangusha watu Uluguru ni viatu. Viatu vya mtumba vya kupandia mlima ni vizuri kwa bei, lakini vingine vimekaa miaka bila kuvaliwa na gundi imekufa. Kwa macho huoni kitu. Vikunje kwa nguvu mbele na nyuma, bonyeza ukucha pale soli inapokutana na ngozi: ukiona ufa mwembamba kama uzi, soli itaachia kwenye matope na kupiga makofi kila hatua. Vipeleke kwa fundi vishonwe pembeni pande zote, halafu vitembelee angalau kilometa 10 kabla ya safari. Kundi libebe utepe mpana wa gundi na kamba mita 3 za kufungia soli iliyoachia.

Malengelenge hutokana na unyevu na msuguano. Ukihisi sehemu ina joto, simama hapo hapo, kausha, bandika plasta. Anayesema "nitaangalia tukifika" anafika na ngozi imetoka. Kata kucha za miguu siku mbili kabla. Wakati wa kushuka kaza kamba za viatu juu ya kifundo, ili vidole visigonge mbele.

Sanduku la dawa la watu wanane: bandeji 2 za kuvuta, plasta 20, shashi, dawa ya kuoshea vidonda, panadol, pakiti 8 za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), glavu, mkasi mdogo wa ncha butu. ORS zikiisha: lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vilivyosawazishwa. Anayetumia dawa za pumu au kisukari abebe dozi mbili mabegi tofauti, na amwambie mwenzake mmoja zilipo.

Aliyeteguka asivuliwe kiatu njiani, mguu utavimba na hakitaingia tena. Funga bandeji juu yake, tafuta fimbo, mwongozaji wa nyuma abaki naye.

Mguu Njia

Nimalizie Jumapili, kwani wengi wanaiacha wazi na kundi linalala hadi saa tano. Miguu itakuwa migumu, na dawa yake ni kutembea kidogo. Saa moja asubuhi tembeeni dakika arobaini bila mabegi hadi Rock Garden, loweka miguu kwenye maji ya mto. Saa tatu Soko Kuu la Chifu Kingalu mkanunue ndizi na mboga za kurudi nazo. Wazo la "tupitie na Mikumi" likatalieni mapema: lango la hifadhi hiyo liko kama kilometa 100 kutoka mjini, na treni ya jioni haitawasubiri. Mikumi ipewe wikiendi yake.

Mgeni Hapa

Swali la mwisho: mabegi makubwa tunayaacha wapi Jumamosi tukiwa mlimani na Jumapili tukiwa sokoni?

Mluguru wa Kilakala

Mlikolala, ila ulizeni wakati wa kuweka nafasi, si asubuhi ya kuondoka. Mwambieni mwenye nyumba saa mtakayoyafuata, yawekwe chumba kimoja, na ufunguo ushikwe na mtu mmoja mwenye namba ya simu mnayoijua.