Grili ya peleti inajaa mafuta na kutoa moshi mchungu, mnasafishaje?

mwisho_wa_reli:

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaozijua hizi grili za peleti, zile zinazotumia vijiti vidogo vya vumbi la mbao lililoshindiliwa, sio mkaa. Tuko Kigoma mjini, tuna kijiwe cha kuchoma huku Mwanga, kuku, mbuzi na migebuka, na bosi kaletewa moja na ndugu yake aliyeko nje. Jiko zuri kweli, unaset joto unalotaka linajiendesha lenyewe, ila sasa shida ni mafuta. Mwanzoni nyama ilikuwa inatoka safi ina harufu tamu ya moshi, siku hizi inatoka na uchungu wa masizi na wateja wanasema. Mafuta hayaendi tena kwenye kile kindoo cha pembeni, yanabaki yametuama kwenye bati la chini ya wavu, na juzi tulipopandisha joto ngozi ya kuku ikauke tukaona moto umeshika huko chini kwenye bati. Tulizima ukaisha lakini banda letu ni la makuti jamani, usingizi wenyewe hauji. Mkaa nimeuzoea, ukimaliza unamwaga majivu unakwangua wavu basi. Hili sijui hata pa kuanzia, kuna kijana hapa anataka alipige maji ya moto na sabuni kwa mpira, nimemwambia asubiri kwanza niulize. Mnasafishaje na kila baada ya muda gani?

fundi_gungu:

Mkuu umefanya vizuri kumzuia, tena mwambie huo mpira auache kabisa. Hilo jiko lina umeme ndani. Chini ya hilo bati kuna kikombe cha chuma, humo ndimo moto unawaka, halafu kuna skrubu ndefu inayosukuma peleti kutoka kwenye sanduku la pembeni mpaka kwenye kikombe, kuna kijiti cha umeme cha kuwashia na kuna feni ya kupuliza. Maji yakiingia kwenye njia ya skrubu, peleti zinavimba zinasambaratika kuwa vumbi la mbao lililolowa, na likikauka linakaza humo humo kama zege, hapo utafungua jiko zima.

Sasa huo uchungu. Watu wakiuonja wanakimbilia kulaumu peleti lakini mara nyingi ni majivu na mafuta ya zamani. Kikombe kikijaa majivu hewa ya feni haipiti vizuri, moto unafukiza badala ya kuwaka, na moshi unakuwa mweupe mzito, huo ndio mchungu. Moshi mzuri wa hizi grili ni mwembamba wa bluu kwa mbali, saa nyingine hata huuoni. Ukijumlisha na mafuta ya jana na juzi yanayoungua kwenye bati lazima mteja aseme.

Kwa biashara ya kila siku kama yenu, majivu yatolewe kila asubuhi kabla ya kuwasha. Sio usiku mkifunga, asubuhi, maana majivu yanaweza kuficha kaa la moto masaa mengi na mkiyamwaga kwenye ndoo ya plastiki au pembeni ya hayo makuti mtakuwa mmeutafuta moto wenyewe. Chomoa waya ukutani, toa wavu, toa bati la mafuta, toa na lile bati dogo linalofunika moto, halafu zoa majivu kwenye kikombe na pale sakafuni kwa brashi laini na kijiko, kama kuna vakyumu ya karakana ni vizuri zaidi ila majivu yawe baridi kabisa. Angalia vitundu vya kikombe vyote viko wazi. Ndani ukutani utaona kijiti chembamba cha chuma kimechomoza, hicho ndicho kinapima joto, kikivaa ukoko wa mafuta kinasoma uongo na jiko linaanza kupanda na kushuka ovyo, kifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Na kofia ya dohani ifungue uikwangue, ule utando mweusi unaonatanata humo nao unashika moto.

Halafu mafuta kutuama. Bati la hilo jiko limetengenezwa na mteremko wa kuelekea kwenye mfereji, kwahiyo jiko lenyewe lazima likae sawa. Mwanga yote ni miinuko, sakafu ikiwa imelala upande usiofaa mafuta yanarudi nyuma badala ya kwenda kwenye ndoo. Azima pima maji kwa mwashi yeyote, weka juu ya jiko, tia kipande cha bati chini ya mguu ulio chini mpaka likae sawa.

mama_migebuka:

Kaka pole na kazi. Fundi kamaliza ya jiko, mimi niseme ya mafuta yenyewe maana hayafanani. Mafuta ya migebuka yanabaki majimaji, yanatiririka vizuri tu. Shahamu ya mbuzi ndio mtihani, ile inaganda kabla hata jiko halijapoa vizuri, inaziba kale kamdomo ka kupeleka kwenye kindoo na yanayofuata yote yanatuama hapo, kwahiyo siku mkichoma mbuzi usisubiri kesho. Mkishamaliza na jiko limezimika ila bado lina joto la kuvumilika, vaa glovu, pitisha mwiko wa mbao au kikwangulio cha plastiki ngumu kwenye bati zima ukisukumia mfereji, na kale kamdomo ukapitishe kijiti mpaka uone kinatokea upande wa pili. Ni kazi ya dakika chache, ikishaganda ni kazi ya kutoa jasho.

Na kama mnapaka samaki mawese haya yetu ya kienyeji, yachuje kwanza kwa kitambaa, yale mashapo ya chini ndiyo yanadondoka na kuganda meusi kwenye bati halafu hayatoki. Paka kwa brashi, usimimine.

Wavu msisugue kwa brashi ya waya nawaomba sana. Zile nyuzi zinakatika zinabaki kwenye wavu zinaingia kwenye nyama, mtoto akimeza sindano ya chuma ni hospitali na upasuaji. Kata kitunguu kikubwa katikati, chomeka uma, chovya kwenye chumvi, sugua wavu ukiwa wa moto. Kinatoa vizuri na harufu yake haimkeri mtu. Siku ya usafi mkubwa, tuseme mara moja kwa wiki kwa kijiwe chenye watu, wavu na bati ndio mnaweza kutoa nje mkaloweka kwa maji ya moto na sabuni ya maji, vikaushwe vizuri kabla ya kurudisha. Jiko lenyewe ndio halimwagiwi.

Mafuta ya kwenye kindoo msimwage mtaroni wala upande wa ziwani. Yaache yagande, na yale mafuta yasiyoganda yachanganye na maranda au majivu baridi, funga kwenye gazeti, jalalani. Kindoo kikifika nusu mwaga, mkikiacha usiku kimejaa mtakuta panya na sisimizi wamehamia.

mwisho_wa_reli:

Asanteni sana aisee, Mungu awabariki. Nimeenda kuangalia na kweli kamdomo kameziba kabisa na jiko limelalia nyuma. Nauliza tena, kuna mtu kanishauri nitandaze foili kwenye bati ili nisiwe nakwangua, sawa? Na umeme ukikatika katikati ya kuchoma inakuwaje, maana huku ni kawaida, na peleti zikiniishia kwa fundi seremala si kuna maranda ya bure?

mnyamwezi_isevya:

Nipo Tabora nalitumia jiko la aina hiyo hiyo. Foili nzuri ila iwe juu ya lile bati la mafuta tu, iwe imelala bapa bila mikunjo, kila mkunjo unashika dimbwi la mafuta na dimbwi ndio linawaka. Usifunike pembeni za bati wala zile nafasi hewa inapopita, na mfereji wenyewe uwe wazi. Ibadilishe kila siku, kuna watu wanaitandaza halafu wanaiacha wiki nzima hiyo haina faida yoyote.

Kitu kingine kwa upande wetu huku ni asali. Ukiipaka kuku mapema sukari yake inadondoka inaungua inakuwa gamba jeusi na mafuta yananasa juu yake. Sisi tunapaka mwishoni kabisa, nyama imeshaiva, inakolea rangi dakika chache tunatoa, bati linabaki safi na asali yenyewe unaisikia mdomoni, asali ya miombo ukiiunguza umeitupa.

fundi_gungu:

Umeme ukikatika usiwe na haraka umeme ukirudi. Feni imesimama, moto kwenye kikombe unaweza kufukuta na taratibu kurudi nyuma kwenye skrubu kufuata peleti, kwahiyo kaa karibu, angalia kama moshi unatokea kwenye sanduku la peleti. Kabla ya kuwasha tena acha lipoe, toa peleti zote zilizobaki kwenye kikombe, ukiwasha kikombe kikiwa kimejaa moto unalipuka mkubwa kuliko kawaida na kama bati lina mafuta ndio balaa. Na kila siku mkimaliza zimeni kwa kitufe chake cha kuzimia, sio kuchomoa waya, feni iendelee mpaka isimame yenyewe imalizie peleti zilizomo.

Mafuta yakishika moto ndio unachomoa waya ili feni isiendelee kuupa hewa, mfuniko uufunge uuache umefungwa mpaka uzimike. Usimwage maji hata tone, maji kwenye mafuta yanayowaka yanarusha moto juu na juu yenu kuna makuti. Nunueni mtungi wa kuzimia moto wa unga ukae mahali mnapoufikia bila kupita karibu na jiko. Na kwa kweli mkuu, hilo jiko litoke chini ya makuti, mjenge kibanda kidogo cha mabati pembeni, huo ushauri ndio naomba sana uufuate hata kama mengine mtachelewa.

Maranda ya seremala usiweke. Skrubu imetengenezwa kwa peleti ngumu, nyingi zina unene wa milimita 6, maranda hayasukumiki, halafu huwezi kujua kama mbao ilipakwa dawa ya mchwa au kama kuna vumbi la plaiwudi lenye gundi, moshi wake unaenda kwenye chakula cha watu. Peleti agizeni za chakula, sio zile za kupashia nyumba joto, na mziweke kwenye ndoo yenye mfuniko, mvua zikianza hewa ya huku kando ya ziwa inazilowesha hata zikiwa ndani.

Halafu angalia kibandiko cha nyuma ya jiko limeandikwa volti ngapi. Kama limetoka Marekani litakuwa la 120 na sisi tuna 230, muulize bosi kama transfoma ipo.

mwisho_wa_reli:

Transfoma ipo, ililetwa pamoja na jiko. Kesho asubuhi naanza na majivu na pima maji, na la kibanda cha mabati nimeshaongea na bosi, kakubali tuanze wiki hii.