Naomba ushauri: kuwapeleka watoto Olduvai

Wakuu, heshima kwenu. Desemba nataka kuwapeleka wanangu wawili, wa miaka 9 na 13, Bonde la Olduvai. Mkubwa amesoma habari za Zinjanthropus, lile fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu aliloligundua mwanaakiolojia Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, na tangu siku hiyo maswali hayaishi. Fuvu lenyewe, la miaka kama milioni 1.75, limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, lakini yeye anataka kusimama palepale lilipookotwa. Kwa kweli hata mimi natamani sana.

Ninapokwama ni Laetoli, eneo la kusini mwa Olduvai. Zile nyayo za viumbe wa kale wa jamii ya binadamu, za miaka milioni 3.6, zilizobaki kwenye majivu ya volkano, zilifukiwa tena ili zisiharibike, na nakala yake iko makumbusho ya Olduvai. Je, nakala inawatosha watoto, au kuna faida ya kufika Laetoli kwenyewe?

Tutatokea Karatu kwa gari la kukodi. Mliowahi kwenda, siku moja inatosha kuunganisha Olduvai na kreta ya Ngorongoro, au tutakimbizana na muda? Na watoto wa umri huo wanaruhusiwa kushuka bondeni na mwongozaji? Bei za mwaka huu pia nitashukuru kuzijua.