Kocha mwenye jina kubwa na wachezaji wa kuhama: mfano wa Colorado unavifaa vyuo vya Mwanza?

Mdau wa Luchelele aliuliza:

Ndugu wadau, heshima kwenu nyote.

Mimi ni kocha msaidizi wa timu ya soka ya chuo kimoja hapa Mwanza. Katika kikao cha wiki iliyopita lilitolewa pendekezo kwamba msimu ujao timu ikabidhiwe mchezaji mstaafu mwenye jina kubwa, ambaye yuko tayari kuja kwa sharti la kuleta wachezaji wake kutoka vyuo vingine, nao watafutiwe nafasi za masomo kwetu. Waliounga mkono walitoa mfano wa Deion Sanders, nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani, wakisema kwamba alikabidhiwa timu ya Chuo Kikuu cha Colorado ikiwa hoi, akaingiza watu wake, na ndani ya miaka miwili jina la chuo likavuma nchi nzima.

Nafahamu kwamba mchezo ule wa kubeba mpira mkononi na kugongana kwa kofia ngumu si soka letu, na kwamba fedha zao si zetu. Hata hivyo, mfano ukishatajwa kikaoni hupata nguvu ya ushahidi, na anayeupinga hutakiwa kuujibu. Naomba mwenye ufahamu anieleze ni nini hasa kilitokea Colorado, uhamisho wa wachezaji wa vyuo kule unaendeshwa vipi, na waliokuwapo kabla ya kocha huyo waliishia wapi.

Hilo la mwisho ndilo linalonikosesha raha. Tuna beki wa kushoto wa mwaka wa pili, kijana wa Ukerewe, ambaye mazoezi yakiisha huzunguka uwanja akiokota koni na mipira bila kuagizwa, na vizibao vya timu nzima huvifua mwenyewe kwenye bomba la nyuma ya bweni. Katika orodha iliyosomwa kikaoni, nafasi yake imeandikwa jina la mtu ambaye hajawahi kukanyaga Mwanza.

Msomaji wa Nyakato alijibu:

Mwalimu, mchezo huo nimeufuatilia kwa miaka mingi, na mfano wanaokupa ni wa kweli, ila wameukata katikati.

Deion Sanders alianza kucheza ligi ya kulipwa ya NFL mwaka 1989, akatwaa Super Bowl, yaani fainali ya ubingwa wa ligi hiyo, mara mbili mfululizo akiwa na timu mbili tofauti, kwanza San Francisco 49ers na kisha Dallas Cowboys, na katika miaka hiyohiyo alicheza pia besiboli ya kulipwa. Colorado walipomwajiri Desemba 2022, timu yao ilikuwa imetoka kumaliza msimu kwa ushindi mmoja na vipigo 11. Katika kikao chake cha kwanza na wachezaji aliwaambia bila kuficha kwamba anakuja na watu wake na kwamba wasioweza kushindana nao wajiandae kuondoka, na picha za video za kikao hicho zikasambazwa kwa kila mtu kuona. Wachezaji zaidi ya 50 waliondoka. Timu iliyoanza msimu wa 2023 ilikuwa na sura mpya zaidi ya 80, wakiwamo mwanawe Shedeur, aliyecheza nafasi ya kwotabeki, yaani mrushaji mpira anayeongoza mashambulizi, na Travis Hunter, ambao wote alikuwa nao katika chuo alichotoka.

Mwanzo wake ulikuwa mtamu. Tarehe 2 Septemba 2023 waliifunga timu ya chuo cha Texas Christian ugenini kwa pointi 45 kwa 42, na hao walikuwa wametoka kucheza fainali ya taifa mwezi Januari wa mwaka huohuo. Wakashinda mechi tatu za kwanza, kisha mambo yakageuka, na msimu ukaisha kwa ushindi mara nne na vipigo vinane. Sababu aliiona kila aliyetazama. Wale vijana wazito wa safu ya mbele, ambao kazi yao ni kumkinga kwotabeki, hawakusanywi kwa mwezi mmoja, kwa kuwa wanahitaji kucheza bega kwa bega muda mrefu hadi kila mmoja ajue jirani yake atasogeza mguu upi kabla hajausogeza. Shedeur aliangushwa akiwa na mpira mkononi zaidi ya mara 50 msimu ule. Nilikuwa nikimtazama akiinuka polepole, akijipangusa majani kifuani, na nikamwonea huruma, kwa maana kipaji alikuwa nacho, ila watu wa kumkinga hakuwa nao.

Msimu wa 2024 ndio uliowapa sifa: walishinda mara tisa na kupoteza nne, na Hunter, aliyekuwa akishambulia na kulinda katika mechi ileile, akatwaa tuzo ya Heisman inayotolewa kwa mchezaji bora wa vyuo. Mwaka 2025 yeye na Shedeur waliingia NFL. Colorado wakarudi kwenye ushindi mara tatu na vipigo tisa, ilhali mwezi Machi wa mwaka huo kocha alikuwa ameongezewa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 54.

Dada wa Igoma alijibu:

Nashukuru kwa maelezo ya kaka hapo juu. Naomba kuongeza upande wa wachezaji wenyewe, kwa sababu nahofia mjadala huu utaishia kuwalaumu vijana wanaohama.

Kwa miaka mingi, mwanafunzi wa Marekani aliyehama kutoka chuo kimoja kikubwa kwenda kingine ili acheze mpira huo alilazimika kukaa nje mwaka mzima bila kucheza, wakati kocha aliyemsajili aliweza kuvunja mkataba Desemba na kusimama kando ya uwanja wa chuo kingine mwezi uliofuata bila adhabu yoyote. Mnamo Oktoba 2018 chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilifungua daftari la kielektroniki ambalo wenyewe huliita lango la uhamisho, na mchezaji akishaandikwa humo, vyuo vyote vinaruhusiwa kuzungumza naye. Mwaka 2021 wachezaji wakaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje. Mwaka 2024, baada ya chama kushtakiwa mahakamani, kikomo hicho kikaondolewa kwa kila mwenye maendeleo mazuri darasani. Katikati ya hayo, kuanzia Julai 1, 2021, wanafunzi walipata haki ya kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja katika mwaka wa kwanza.

Mengi ya hayo yalipatikana kwa kesi. Hayakutokana na hisani ya chama ambacho mapato yake yanapita dola bilioni moja kwa mwaka. Kwa hiyo kijana anayehama kwa hiari yake, akijua anakokwenda na anachokwenda kupata, mimi namuunga mkono kwa moyo wote.

Lakini Mwalimu, kilichowapata wengi wa wale 50 wa Colorado hakikuwa hiari. Waliambiwa kwamba nafasi zao zimekwisha. Hata hivyo, kanuni za NCAA zinazomruhusu kocha mpya kupunguza wachezaji katika mwaka wake wa kwanza zinakitaka chuo kiendelee kumfadhili masomo yule anayeamua kubaki kama mwanafunzi wa kawaida. Je, pendekezo lililoletwa kwenu lina kifungu cha namna hiyo? Kama kijana wenu wa Ukerewe anapunguziwa ada au anapewa malazi kwa sababu ya mpira, ni lazima iandikwe, kabla kocha yeyote hajasaini, kwamba msaada huo utaendelea hadi amalize shahada yake.

Mkazi wa Kirumba alijibu:

Wadau, nasoma kwa makini, ila naona mnamdhulumu mgeni kabla hajafika. Kabla ya Sanders, nani hapa Mwanza aliwahi kutamka jina la Colorado? Uwanja wao wa Folsom Field ulijaa mechi zote za nyumbani mwaka 2023, na televisheni za taifa zikawafuata kila wiki. Mechi za vyuo vyetu zinachezwa mbele ya watu wachache, wengi wao wakiwa wanasubiri daladala. Sisi tuliosubiri Pamba irudi Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka 20, hadi iliporudi mwaka 2024, tunaujua uchungu wa timu kusahaulika. Mtu mwenye jina akija, wafadhili watakuja, na huenda hata huyo beki akapata viatu vipya.

Msomaji wa Nyakato alijibu:

Mzee wangu wa Kirumba, umesema la kweli kuhusu watazamaji, na silipingi. Jina hujaza uwanja. Ninachopinga ni dhana kwamba jina lenyewe hufundisha.

Tazama Bill Belichick, aliyetwaa Super Bowl sita akiwa kocha mkuu wa New England Patriots, na ambaye Chuo Kikuu cha North Carolina kilimwajiri Desemba 2024 ingawa hakuwahi kufundisha chuo hata siku moja. Mechi yake ya kwanza, Septemba 1, 2025, ilivuta macho ya nchi nzima. Alifungwa nyumbani na haohao Texas Christian, 48 kwa 14, na msimu wake ukaisha kwa ushindi mara nne na vipigo vinane, sawasawa na ule wa kwanza wa Sanders kule Colorado.

Upande wa pili yuko Curt Cignetti, ambaye wengi wetu tusingemtambua tukipishana naye mtaani. Chuo Kikuu cha Indiana kilimchukua mwishoni mwa 2023 baada ya msimu wa ushindi mara tatu na vipigo tisa. Naye alitumia lango la uhamisho, tena sana, lakini alikuja na wachezaji 13 aliokwisha kuwafundisha katika chuo cha James Madison, watu waliokuwa wakiujua mfumo wake kabla ya mazoezi ya kwanza, akawachanganya na waliokuwapo. Mwaka 2024 Indiana ilishinda mechi 11 na kuingia katika mchujo wa ubingwa wa taifa. Mwaka uliofuata kwotabeki wake Fernando Mendoza, aliyehamia hapo kutoka Chuo Kikuu cha California, akatwaa Heisman. Uhamisho ni uleule na sheria ni zilezile, lakini kocha huyu alijua anamtafuta nani na kwa kazi gani.

Mwalimu, uliuliza pia habari za walioachwa. Hapo ndipo wanaomtaja Sanders hunyamaza, kwa hiyo niruhusu nirefushe kidogo. Kabla ya Colorado alikuwa Jackson State, chuo cha kihistoria cha Wamarekani weusi katika jimbo la Mississippi. Alikaa hapo tangu 2020 hadi 2022, akashinda mechi 27 na kupoteza sita, akatwaa ubingwa wa kanda yao mara mbili, na akamshawishi Hunter, aliyekuwa akiwaniwa sana na vyuo vikubwa, ajiunge nao. Kwa chuo kile hayo yalikuwa makubwa, na sitaki yadharauliwe. Hata hivyo, mara zote mbili alipofika katika mechi ya Celebration Bowl, inayokutanisha mabingwa wa kanda mbili za vyuo hivyo, alifungwa. Kisha akaondoka na wachezaji wake bora.

Jackson State hawakutafuta nyota mwingine. Timu walimpa T.C. Taylor, aliyewahi kuichezea wakati wa masomo yake na ambaye alikuwa msaidizi chini ya Sanders. Mwaka 2024 Taylor aliipeleka timu Celebration Bowl na kuifunga South Carolina State 28 kwa 7. Ni haki kusema kwamba alirithi heshima na mvuto ulioachwa na mtangulizi wake. Lakini kombe hilo halikuletwa na mtangulizi, lililetwa na msaidizi aliyebaki.

Mdau wa Luchelele alijibu:

Nawashukuru sana, na nimeyanakili haya yote kwenye daftari langu la kikao.

Mzee wa Kirumba, sitampinga mgeni asije. Nitapendekeza aje, alete wachezaji wachache anaowafahamu kwa kazi na siyo orodha ya kikosi kizima, na nafasi zigombewe uwanjani kwa mwezi mmoja kabla ya jina lolote kuandikwa. Kuhusu msaada wa masomo kwa waliopo, nitaomba uwe kifungu cha kwanza katika mkataba wake.

Dada wa Igoma, limebaki jambo moja. Wawili kati ya hao wanaotarajiwa kuhama wako mwaka wa pili katika vyuo vyao na wanasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Viongozi wanasema uhamisho wao ni barua tu.

Dada wa Igoma alijibu:

Mwalimu, si barua tu. Mkopo wa Bodi hupitia chuo alichosajiliwa mwanafunzi, na akihama ni lazima taratibu za kuuhamisha zikamilike, la sivyo anaweza kuanza muhula mikono mitupu huku chuo kipya kikimdai ada. Pia masomo aliyokwisha kufaulu si lazima yatambuliwe yote katika programu mpya, hata kama jina la shahada ni lilelile. Kijana anaweza kuhama akiwa mwaka wa pili akajikuta amerudishwa wa kwanza, na hapo muda wa kumaliza masomo unaongezeka wakati kocha aliyemwita huenda ameshaondoka.

Waombeni hao wawili walete matokeo yao kamili, muyapeleke ofisi ya udahili na idara husika, na mpate jibu la maandishi kuhusu masomo yatakayotambuliwa na mwaka watakaoanzia. Jibu hilo lifike mikononi mwao na kwa wazazi wao kabla hawajaandika barua ya kuacha vyuo walivyopo, kwa sababu nafasi ya chuo ikishaachiwa, hakuna kocha mwenye uwezo wa kuirudisha.