Mrejesho: banda la sungura la ndani limekamilika

Habari zenu wapendwa. Mwezi uliopita niliuliza nipake nini banda la mbao la sungura wangu wawili wanaoishi sebuleni, maana mkojo ulikuwa unazama kwenye sakafu yake na harufu haitoki. Asanteni sana mlionizuia nisitumie rangi ya mafuta na tina ya kuizimulia.

Nilipiga msasa, nikafuta vumbi, nikapaka rangi ya maji upande wa nje tu. Sakafu nikaipiga vanishi ya maji mara tatu. Kona ndizo zilinichosha: mkojo hupenya pale mbao zinapokutana, kwa hiyo nimeziba kwa silikoni isiyo na dawa ya ukungu, juu yake nikafunga pembe za alumini wasije wakaitafuna. Kingo za mlango nimeziacha mbao tupu, kwa sababu huko ndiko meno yao yanakoanzia.

Rangi ilikauka siku ileile, lakini harufu ilibaki. Banda lilikaa barazani wiki tatu, mpaka nikaingiza kichwa ndani nisisikie kitu. Jana wamerudi. Jike alinusa kila kona, akajinyoosha ubavu, akalala.