MREJESHO: Kupima usalama wa Wi-Fi ya ofisi

Wakuu, niliwauliza nianzie wapi kupima Wi-Fi ya kampuni yetu, inayotumia WPA2-Enterprise (kila mfanyakazi anaingia kwa akaunti yake, si kwa nywila moja ya wote). Kama mlivyosisitiza, kibali cha maandishi cha mkurugenzi nilikipata kwanza, ndipo nikagusa kitu.

Aliyesema nianze na simu na laptopu za wafanyakazi alinena kweli tupu. Niliwasha Wi-Fi bandia yenye jina lilelile la mtandao wetu, karibu na mapokezi. Simu kadhaa za Android zikajiunga zenyewe, kwa sababu kwenye mipangilio yake uhakiki wa cheti cha seva (kitambulisho cha kidijitali kinachoonyesha kuwa mtandao ni wetu kweli) ulikuwa umezimwa. Zikamwaga jina la mtumiaji pamoja na majibu ya MSCHAPv2 (njia ya kuthibitisha nywila bila kuituma wazi), ambayo tangu 2012 inajulikana wazi kwamba yanavunjika. Na nywila hiyohiyo ya Wi-Fi ndiyo inayofungua baruapepe ya kazini! Hapo bosi hakuhitaji maelezo marefu.

Wi-Fi ya wageni nayo ilikuwa inafika hadi kwenye printa za ndani; tumeshaitenga.

Sasa tunahamia EAP-TLS, yaani kuingia kwa cheti badala ya nywila, kila kifaa na cheti chake, tukianza na uhasibu. Asanteni sana. Mwenye uzoefu wa kusambaza vyeti kwenye simu binafsi za wafanyakazi, tafadhali anielekeze.